Mnaitakia Nini?

Zamani, makaratasi ya jamaa yetu huku Burat yalikaa katika mkebe wa mafuta ya kupikia, yamefungwa nailoni yasiguswe na mchwa wala mvua: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kitambulisho cha babu. Zikivuma habari za wezi wa mifugo, Mama alimbeba mdogo wetu mgongoni na mkebe mkononi, mengine yakafuata. Alijua thamani yake. Huku Kaskazini mwa Kenya vijana wengi walioomba kitambulisho walipigwa msasa kwanza, utaratibu ambao Rais Ruto alitangaza kuuondoa Februari 2025. Asiye na karatasi za wazazi alizungushwa hadi akachoka.

Majirani wasiojua kusoma nao walileta zao zitunzwe. Kulikuwa na kadi moja ya dawa za kila mwezi. Mama aliiweka chini kabisa, kwenye bahasha isiyo na jina. Mwenyewe alipoijia, sisi watoto tulitumwa maji.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza 2007, na ilipotufikia, namba ya siri ya nyanya ikawa mali ya boma zima: aliitaja kwa sauti dukani, wakala akambonyezea. Hakuna aliyeona ubaya, mpaka matapeli walipoanza kumpigia wakimtaja kwa majina yake yote matatu. Waliyatoa wapi? Labda kwenye daftari la mlinzi getini, labda kwa waandikishaji waliopita na tableti, kila mradi ukidai kitambulisho na namba ya simu upya.

Hapo hofu ya Mama ikahama. Zamani aliogopa karatasi isipotee. Sasa aliogopa habari zisienee. Mwandikishaji akifika anaketishwa, anapewa chai, halafu anaulizwa: “Kijana wangu, hii namba mnaitakia nini, na itakaa kwa nani?” Mama hajaisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini swali lake ni haki iliyomo humo: kuelezwa taarifa zako zitatumiwaje. Wengine hujibu vizuri, wakapewa. Wengine humaliza chai wakaaga.

Sasa kazi ya kutunza habari za majirani imeniangukia mimi. Hunijia niwasajilie bima ya afya ya SHA kwa simu yangu, kwa masharti ya Mama: picha ya kitambulisho hufutwa mwenyewe akiona, ugonjwa wa mtu hauulizwi mbele ya wengine, na namba ya siri kila mtu hujibonyezea, hata nyanya mwenye vidole vizito. Foleni itangoja.