Msikilize Mwanao



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, nimeombwa niandike machache juu ya kusomesha. Nitaanza na kosa langu.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyeshindwa kuhifadhi Surat al-Bayyina, yenye aya 8, kwa wiki 3. Kila alipofika aya ya tatu alikwama. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita mvivu. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Baada ya Isha nilikwenda kwao. Nilimkuta mama yake, muuza vitumbua, akitayarisha biashara ya asubuhi, na mtoto akimsaidia. Akaniambia, "Maalim, mimi Qur'ani sikujaaliwa kusoma, nitamsaidiaje? Na huko madrasa siitwi ila kwa ada au kwa makosa."

Maneno yale yaliniingia. Nikamwambia, "Mama, wewe msikilize tu. Akikwama, mwambie arudie." Tukakubaliana dakika 10 kila siku baada ya Maghrib, mama akichambua mchele wake, na aya moja tu kwa siku.

Darasani nami nilibadilika. Sasa nasoma kwanza, wanafunzi wananifuata, kisha wanakaa wawili wawili kusikilizana, anayekosea akakumbushwa na mwenziwe kwa upole. Na kila Alkhamisi napeleka salamu kwa mzazi ambaye mwanawe amefanya vizuri.

Yule mtoto aliporudi, nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwani mbele yao ndipo nilipomfedhehesha. Haikupita muda akaisoma sura yote. Mama naye, kwa kusikiliza tu, alikuwa ameshashika aya 3, na leo yumo katika darasa letu la akina mama.

Ndugu zangu, tusidharau kusikilizana. Jibril (a.s.) alikuwa akidurusu Qur'ani pamoja na Mtume wetu (s.a.w.) kila Ramadhani, na mwaka aliofariki walidurusu mara mbili. Basi sisi ni nani hata tuone kurudia ni kazi ya mvivu?

Mzazi, leo baada ya Maghrib mwite mwanao, mwambie, "Nisomee." Nawe mwanafunzi, usingoje kuitwa. Nasi walimu tubishe hodi kabla mtoto hajapotea.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.