Nukta-mkato iliyonigharimu usiku mzima

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa tu, tena si cha kujisifu. Lakini ukikisoma hadi mwisho utajua mambo machache kuhusu MySQL ambayo mimi niliyajua kwa jasho.

Mwanzoni mwa 2009 nilikuwa nikitunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Jina lake naliacha. Mfumo wenyewe ulikuwa PHP na MySQL, kama kazi nyingi za siku zile, na uliishi ndani ya kompyuta kuukuu iliyowekwa chini ya meza ya karani. Haikuwa na kioo wala kipanya. Linux tupu. Ukitaka kuzungumza na hifadhidata unaingia kwa ssh kutoka kompyuta nyingine, unaandika mysql -u root -p, unatoa nywila, kisha unakaribishwa na hiki tu:

mysql>

Nami nilikipenda sana hicho kidirisha cheusi. Hakuna picha za kusubiri wala vitufe vya kutafuta. Ukiwa mgeni humo, amri nne zinatosha kukuonyesha uko wapi. SHOW DATABASES, inaorodhesha hifadhidata zilizopo. USE ikifuatwa na jina inakuingiza katika mojawapo. SHOW TABLES, inataja majedwali yake. Na DESCRIBE mikopo. Inakuonyesha safu za jedwali hilo na aina ya data inayokaa katika kila safu.

Karibu kila amri inamalizika kwa nukta-mkato. Usipoiweka, MySQL inakuonyesha mshale mdogo wa -> na kungoja, ikijua kwamba hujamaliza kusema. Ukiiweka, inatenda papo hapo. Haikuulizi kama una hakika. Hilo la nukta-mkato likumbukeni, tutalirudia.

Majedwali yaliyohusika yalikuwa matatu. Wanachama, lenye majina. Mikopo, ambalo kila rekodi ilikuwa na nambari ya mkopo, safu ya deni (jumla ya kulipwa pamoja na riba) na safu ya salio (kiasi kilichobaki). La tatu ni malipo, ambalo kila risiti iliyopokewa iliingizwa na tarehe yake, kiasi chake na nambari ya mkopo unaolipwa.

Sasa kisa. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, wateja wameshatoka. Karani, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiniita kijana wangu hata mbele ya meneja, alinijia na karatasi.

"Kijana wangu, huyu amemaliza mkopo, risiti zake zote ninazo, lakini kompyuta bado inamdai shilingi 450. Kesho asubuhi anakuja kuchukua mkopo wa karo. Hebu niondolee hizo."

"Hakuna shida, mama. Ni dakika moja."

Mazoea yangu yalikuwa kuandika amri kwa mistari miwili ili isomeke vizuri: UPDATE juu, WHERE chini. Jioni ile kidole kilizoea vibaya. Kilimaliza mstari wa kwanza kwa nukta-mkato:

mysql> UPDATE mikopo SET salio = 0;
Query OK, 612 rows affected (0.05 sec)
Rows matched: 1873  Changed: 612  Warnings: 0

Nilitaka rekodi moja. MySQL ilipata rekodi 1873 na kubadilisha 612. Zile nyingine zilikuwa mikopo iliyokwisha, salio lake lilikuwa sifuri tayari. Yaani kwa sehemu ndogo ya sekunde nilikuwa nimesamehe kila deni la chama kile, bila kikao cha kamati.

Niliandika ROLLBACK, haraka kama mtu anayezima moto. Ikajibu Query OK, 0 rows affected. Jibu la adabu kabisa, na halikurudisha kitu. Sababu ni mbili. Kwanza, MySQL kwa kawaida iko katika hali ya autocommit: kila amri inathibitishwa mara tu inapokamilika, isipokuwa umefungua muamala mwenyewe. Pili, majedwali yetu yalikuwa ya aina ya MyISAM, ambayo haijui miamala hata kidogo. Hata ningefungua muamala, isingesaidia.

Sawa, nikajiambia, kuna nakala za akiba. Kila usiku saa nane cron iliendesha mysqldump na kupitisha matokeo kwa gzip. Nikaandika ls -l ndani ya saraka ya nakala. Faili zilikuwapo, moja kwa kila usiku, zimepangwa vizuri kwa tarehe. Kila moja ilikuwa na baiti 20.

Baiti 20 ndio ukubwa wa faili ya gzip ambayo ndani yake hamna kitu. Miezi miwili nyuma tulikuwa tumebadilisha nywila ya MySQL, na mimi sikuibadilisha kwenye ile skripti. Kila usiku mysqldump ilikataliwa mlangoni, gzip ikafunga utupu kwa uaminifu, na kwa kuwa shell huangalia programu ya mwisho tu kwenye mnyororo wa mabomba, cron iliona kazi imefaulu. Miezi miwili nilikuwa nikilala vizuri juu ya faili tupu.

Mikono ilianza kutetemeka. Hizi hazikuwa data za majaribio. Zilikuwa pesa za walimu, wauza mboga na wenye matatu. Kesho saa mbili mlango ungefunguliwa, na yeyote mwenye deni la shilingi elfu themanini angeambiwa kwamba hana deni. Nani angerudi kusema, hapana, mimi nadaiwa? Na waliokuwa na akiba mle wangeamini vipi nambari nyingine yoyote kutoka kwa kompyuta ile?

Nilimgeukia karani, alikuwa akifunga droo. "Mama, usiondoke kwanza. Nimeharibu." Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Na zile risiti ninazoingiza kila siku, nazo zimekwenda?"

Hilo swali ndilo lililotuokoa. Nikaandika SELECT COUNT(*) FROM malipo. Na zote zilikuwapo. Safu ya deni katika mikopo nayo sikuwa nimeigusa. Salio ni deni ukiondoa malipo. Nilichofuta lilikuwa jibu, lakini hesabu yenyewe ilikuwa imebaki.

Kabla ya kugusa kitu nilichukua nakala ya hali ile ile mbovu, nikaifungua kuhakikisha ina maandishi ndani. Kisha:

CREATE TABLE salio_jipya AS
SELECT m.id, m.deni - IFNULL(SUM(p.kiasi), 0) AS salio
FROM mikopo m LEFT JOIN malipo p ON p.mkopo_id = m.id
GROUP BY m.id, m.deni;

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza LEFT JOIN. Ukitumia JOIN ya kawaida, mkopo ambao haujalipwa hata mara moja hautaonekana, kwa sababu hauna mwenzake kwenye malipo. Pili IFNULL. Jumla ya kitu ambacho hakipo si sifuri, ni NULL, na deni ukiondoa NULL unapata NULL. Bila IFNULL wale wadaiwa wapya wangebaki na salio lisilo na nambari.

Karani alikuwa amechapisha orodha ya masalio saa kumi na moja, kabla ya kufunga, kama alivyofanya kila siku. Nilikuwa nimewahi kumcheka kwa kupoteza karatasi. Tulilinganisha jumla yake na SELECT SUM(salio) FROM salio_jipya. Zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Kisha tukapitia mkopo mmoja mmoja, yeye akisoma, mimi nikitazama kioo. Saa tano usiku niliunganisha jedwali jipya na lile la zamani, nikarudisha masalio.

Na zile 450? Zilirudi pia! Hesabu ilisema bado anadaiwa. Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho ningefanya tangu mwanzo, nikauliza:

SELECT * FROM malipo WHERE kiasi = 450 AND tarehe = '2009-01-23';

Risiti yake ilikuwapo, lakini imeandikwa kwa mkopo 1147. Mkopo wake ulikuwa 1174. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi. Kumbe kuna mwanachama mwingine aliyekuwa akipunguziwa deni kwa pesa ambazo hakulipa. Kama amri yangu ya jioni ingekuwa sahihi, yenye WHERE yake, ningeficha kosa hilo milele na kujiona fundi.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd wa IBM alichapisha makala iliyoanzisha mtindo huu wa hifadhidata za uhusiano. Ndani yake alizungumzia pia data ya ziada, ile inayoweza kupatikana kutokana na data nyingine iliyopo. Chuoni nilikariri hayo ili nifaulu mtihani. Usiku ule niliyaelewa. Safu ya salio ilikuwa data ya ziada. Risiti ndizo zilizokuwa ukweli, nami nilikuwa nimekwenda kusahihisha jibu badala ya kutafuta risiti iliyokosewa.

Tangu hapo nina mazoea manne.

Moja: sianzi na UPDATE wala DELETE. Naanza na SELECT yenye WHERE ile ile, nahesabu rekodi, ndipo nabadilisha neno la mwanzo.

Mbili: nafungua muamala kwa START TRANSACTION, naandika amri, natazama idadi ya rekodi zilizobadilika. Ikiwa ndiyo niliyotarajia, COMMIT. La sivyo, ROLLBACK. Na safari hii inarudisha kweli. Majedwali yawe InnoDB. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010 hiyo ndiyo aina ya kawaida, lakini mifumo ya zamani iangalie kwa SHOW CREATE TABLE.

Tatu: naingia kwa mysql --safe-updates, ambayo hukataa UPDATE au DELETE isiyo na WHERE inayotumia ufunguo, wala LIMIT. Waliotengeneza MySQL waliipa chaguo hilo jina la pili, --i-am-a-dummy, yaani mimi ni mjinga. Sioni haya. Nimeliandika ndani ya faili yangu ya .my.cnf.

Nne: skripti yangu ya nakala ina set -o pipefail ili kosa la mysqldump lisifichwe na gzip. Na mara moja kwa mwezi naunda hifadhidata iitwayo majaribio, naifungulia nakala ya jana humo, nahesabu rekodi. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

Asubuhi yule mwanachama alikuja. Nilikuwa nimehamisha risiti yake mahali pake, salio lake likasoma sifuri kwa haki, akapata mkopo wake wa karo. Karani alinisogezea kikombe cha chai na kusema, "Leo ukisema dakika moja, nitakaa chini." Kisha akaendelea na kazi yake, na jioni akachapisha orodha yake. Sikumcheka tena.

Haya, kabla hujafunga kompyuta, nenda ukaangalie ukubwa wa faili zako za nakala. Ukikuta baiti 20, pole sana, lakini afadhali umejua leo.