Pistoni ya Pikipiki ya Baba

Wasomaji wengi wa gazeti hili hawana pikipiki ya zamani nyumbani kwao, wala sitaki kumshawishi mtu anunue. Lakini huku kwetu Mpapura kila mwenye mikorosho anaijua injini ya mapigo mawili, ingawa labda hakupata kuiita kwa jina hilo. Ndiyo ile ibebwayo mgongoni, ivumayo alfajiri kuanzia mwezi wa Juni, ikitoa moshi wa samawati na kurusha unga wa salfa juu ya mikorosho ili kuzuia ubwiri unga. Ugonjwa huo ulitambuliwa nchini mwetu mwaka 1979, nao ulikuwa mojawapo ya sababu za kuanguka kwa zao letu: mavuno ya nchi nzima, yaliyokuwa tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalishuka yakawa karibu tani 16,500 msimu wa 1986/87. (Sababu nyingine zilikuwa bei ndogo, na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao, lakini hayo ni mengine.) Wataalamu wa Naliendele wakaonyesha ya kuwa salfa yaufaa mkorosho, na mashine zikaingia vijijini. Basi nikisema habari za pikipiki ya marehemu baba, mjue nasema pia habari za mashine ile ya mgongoni, kwa maana moyo wao ni mmoja.

Baba alikuwa bwana shamba. Alitembelea wakulima kwa pikipiki aina ya Yamaha AG100, iliyokuwa mali ya mradi. Mradi ulipokwisha iliuzwa kwa mnada, naye akainunua, mwaka 1998. Chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya mashamba. Mnyororo wake wote umefunikwa kwa bati usiingiwe na mchanga, kina kichukuzi cha mizigo mbele na nyuma, na vyuma vya kukinga mikono njiani penye miiba. Silinda ni moja tu, ya sentimita 97 za ujazo. Baba aliipenda kuliko alivyokiri. Jioni aliifuta vumbi kabla ya kuoga mwenyewe.

Hapana budi nieleze kidogo jinsi injini hii inavyofanya kazi, maana asiyejua hili hatajua kosa langu. Bodaboda za siku hizi karibu zote ni za mapigo manne. Oili yake hukaa chini tumboni na kuzunguka humo humo. Injini ya mapigo mawili haina oili tumboni, kwa kuwa tumbo lake ni pampu. Pistoni ikipanda, hewa iliyochanganyika na petroli huvutwa ndani ya tumbo. Ikishuka, huisukuma hewa hiyo juu ya silinda kwa njia za pembeni, na moshi hutoka kwa tundu lake. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyepata hati ya injini ya namna hii mwaka 1891. Basi, kwa kuwa petroli hupita tumboni, oili haina budi kusafiri pamoja nayo. Hulainisha beringi na pistoni inapopita, kisha huungua. Ndiyo asili ya moshi ule wa samawati. Mtu akitia petroli tupu, injini haitamwambia neno. Itawaka vizuri, tena kwa furaha, kwa muda wa maili chache.

Tangu mwaka 1964 kampuni ya Yamaha ilianza kutia katika pikipiki zake pampu ndogo ya kupeleka oili yenyewe kutoka tenki lake la pekee. Ya baba pia ilikuwa na pampu hiyo, lakini ikaharibika, na kipuri chake hakikupatikana. Fundi mmoja wa Mikindani akaiziba pampu, akamwambia baba nami nikisikia: "Tangu leo utachanganya kwa mkono. Petroli lita 5, oili mililita 200. Usisahau hata siku moja." Baba akaandika kipimo kile kwa rangi nyeupe juu ya dumu.

Mwaka 2005, nilipokuwa na miaka 16, baba alikwenda msibani kwa basi, akalala huko. Mimi nikaitoa pikipiki bila ruhusa nikaenda nayo Mikindani, kwa sababu isiyo na maana yo yote ila kuonekana na vijana wenzangu. Petroli ikapungua. Nilikuwa na fedha za kununua lita 2 tu, za chupa za kando ya njia. Fedha za oili sikuwa nazo. Nikajiambia ya kuwa oili iliyobaki ndani ya tenki itatosha. Hata nilipokuwa nikipanda mlima wa kutoka Mikindani, nimevuta moto wote, sauti ya injini ikawa nyembamba, kama mtu anayelia huku amefumba kinywa, mara gurudumu la nyuma likasimama. Niliburuzwa kidogo, sikuanguka. Nikakaa chini ya mti mpaka chuma kikapoa. Nikapiga kiki, ikazunguka, ikawaka. Nikaja nayo polepole hata nyumbani, nikachukua oili ya baba nikaimimina ndani ya tenki, nikaitikisa pikipiki, na petroli ikawa na rangi yake ya siku zote.

Jumatatu baba akaondoka kwenda kazini. Katika mteremko pistoni ikashika tena, na safari hii haikuachia. Alianguka akavunjika mtulinga.

Bega lilipopona kidogo alikwenda Mikindani, nami nikamfuata nimebeba mfuko wake. Mbele ya watu akamwambia fundi, "Uliziba pampu ya Wajapani kwa ujanja wako, na ujanja wako umenivunja." Fundi akauliza neno moja tu: je, oili ilichanganywa? Baba akajibu ya kuwa yeye ni mtu wa vipimo, na ni kweli, alikuwa mtu wa vipimo. Watu wakamwamini, maana alikuwa bwana shamba, na fundi alikuwa fundi wa chini ya mwembe. Mimi nilisimama pale na mfuko. Wenye pikipiki wakaanza kumwepuka, akabaki na baiskeli na mashine za mashua za wavuvi. Baba hakumpa tena pikipiki aifungue, wala hakumpa mwingine. Ilisukumwa stoo, ikakaa huko. Baba alifariki mwaka 2016.

Nikasoma chuo cha ualimu cha misheni, nikafundisha mbali, kisha nikarudi kufundisha hapa. Mwaka jana, likizo ya mwezi wa Juni, niliitoa stoo. Sikuwa na nia ya kutubu. Nilitaka tu chombo cha kwendea mjini, na moyo wangu ulinidanganya hivyo kwa muda wa wiki mbili nzima.

Kazi yenyewe ilinipendeza, sitaficha. Nyigu walikuwa wamejenga viota vya udongo ndani ya ekzosi. Nikaichoma motoni mpaka masizi ya miaka yakawa majivu, nikaigonga yakamwagika. Tenki lilikuwa na kutu ndani. Nikatia kokoto ndogo na maji, mimi na mwanangu tukalitikisa kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, tukasuuza, tukalianika. Petroli ya zamani ndani ya kabureta ilikuwa imeganda kama utomvu. Tundu la jeti huzibuliwa kwa uzi laini wa waya wa klachi, si kwa sindano ya kushonea, kwa maana jeti ni ya shaba nyeupe, sindano huipanua, na jeti iliyopanuka haina dawa. (Hili nawaambia hasa wenye mashine za salfa, nimeona sindano nyingi.) Kisha nikafungua kichwa cha silinda, nikaivuta silinda yenyewe, na pistoni ikatoka.

Ubavu wake wa upande wa ekzosi, ambao ndio uunguao zaidi, ulikuwa umechubuka toka juu hata chini, na ringi moja imefungwa ndani ya mfuo wake kwa aluminiamu iliyoyeyuka. Niliitazama sana. Niliifunga ndani ya gazeti, nikaifungua tena, nikaitazama.

Fundi yu hai. Nikamkuta Mikindani akitengeneza mashine ya mashua, macho yake yamepungua nuru.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. U mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la baba. Akaweka spana chini. Nikampa pistoni bila kusema zaidi. Akaigeuza kwenye mwanga, kisha akaacha kuitazama, akaipapasa kwa ukucha wa kidole gumba, polepole.

"Hii ilishika mara mbili," akasema. "Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ikaendeshwa tena, ikajisugua ikang'aa. Hapa. Na ya pili imepita juu yake. Baba yako aliniambia ilishika mara moja."

"Mzee, mara ya kwanza ilikuwa mimi. Baba hakujua."

Hakupandisha sauti. Akaniuliza lita ngapi. Nikasema mbili. Akauliza, bila hata tone? Nikasema bila hata tone. Kisha akauliza nilikuwa na miaka mingapi, nikamwambia 16.

"Mtoto," akasema. "Na baada ya hapo umekuwa mtoto miaka mingapi?"

Mimi ni mwalimu, nimezoea kuuliza maswali na kungoja majibu. Lile sikuwa na jibu lake.

Akasema ya kuwa baba amekufa akijua ya kwamba yeye ndiye aliyemvunja bega, na hilo halina kipuri. Kisha akanawa mikono, akaniamuru nimfuate barazani walipokaa wazee wenzake, nikayasema yote mbele yao kama yalivyosemwa mbele ya watu siku ile. Nilidhani hilo ndilo litakalokuwa gumu. Lakini walikuwa watano, na wawili tu ndio waliokumbuka habari yenyewe; mmoja alidhani ilikuwa ni fundi mwingine. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Lakini jambo hili si la zamani mno?"

Fundi akamjibu, "Kwako."

Pistoni ile ya zamani aliichukua akaiweka ndani ya sanduku lake la spana, nami sikuthubutu kuiomba. Silinda niliipeleka Dar es Salaam kwa basi ikachongwa, na nikapata pistoni mpya iliyozidi kipimo kwa nusu milimita. Nilipoandika kwamba imerudi, alikuja Mpapura mwenyewe. Nauli nilimtolea, akaikataa, chakula alikubali.

Siku ile nilijifunza mengi kuliko katika wiki zangu zote za upweke. Alipima platini, upana wake uwe milimita 0.35 hivi, kisha akaweka karatasi nyembamba ya sigara katikati ya meno yake, akazungusha sumaku pole pole kwa mkono: pale karatasi inapoachiwa ndipo cheche inaporuka, na kwa injini ndogo kama hii ni karibu milimita 2 kabla ya pistoni kufika juu. Skrubu ya hewa aliifunga yote, akaifungua mzunguko mmoja na nusu, akasema masikio yatamaliza yaliyobaki. Alinieleza na plagi: ikitoka nyeupe, hewa imezidi, na pistoni iko hatarini, ikitoka nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, itakiwayo ni rangi ya ganda jembamba la ndani ya korosho. Mwanangu aliyasikia yote akayaandika katika daftari la hesabu.

Nilikuwa nimekwisha kuchanganya petroli asubuhi, lita 5 kwa mililita 200, nikapima mara mbili kwa chupa ya dawa yenye alama. Tenki lilikuwa limejaa. Nikashika mpini, nikaweka mguu juu ya kiki.

"Ngoja," akasema fundi.

Akafungua kifuniko cha tenki, akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba mbele ya macho yake yale mabovu, akangoja petroli ikauke. Akasugua tena. Vidole vikateleza. Akafunga kifuniko, akasogea nyuma hatua mbili, akasema, "Haya, piga."