Funza na Daftari la Mahudhurio

Chuoni, tulipokuwa tukifundishwa ualimu, tuliambiwa kuwa mwalimu mwema huanza siku yake kwa kukagua watoto mstarini: kucha, nywele, sare, na mwisho kabisa miguu. Nikalishika fundisho hilo kwa miaka yangu yote ya kazi. Mtoto mwenye funza nilimtoa mstarini mbele ya wenziwe na kumrudisha nyumbani, arudi akiwa safi. Nilidhani natenda wema. Ilinibidi nistaafu, na dunia nzima ipatwe na ugonjwa, ndipo nijue nilichokuwa nikitenda.

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, shule zilifungwa. Hapa Simbo watoto wakarudi mashambani, kwenye mihogo na michikichi. Sisi wazee tuliambiwa tukae mbali na watu, nami nikakaa barazani na redio yangu. Kila saa ilikuwa hesabu: waliougua, waliokufa, waliopona. Sijapata kusikia dunia ikihesabu wagonjwa kwa bidii namna ile.

Asubuhi moja akapita msichana wa miaka kama tisa, ndoo ya maji kichwani. Alikuwa akikanyaga kwa visigino, vidole ameviinua juu, kama mtu apitaye juu ya makaa. Mwendo ule naujua. Nikamwita. Akaniamkia, "Shikamoo, babu," lakini hakusogea. Akaitumbukiza miguu yake kwenye majani na kusimama hivyo mpaka nilipomruhusu aende.

Funza, ambaye wengine humwita tekenya, si mwenyeji wetu. Kwao ni Amerika ya Kusini. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, alikuwa hajafika huku. Mwaka uliofuata meli iliyotoka Brazili ilitia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na funza wamo mchangani. Kutoka hapo akasafiri kwa nyayo za wapagazi na askari. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann alikuta watu wa kusini mwa Ziwa Viktoria wakiteswa naye vibaya, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kufika pwani ya Bahari ya Hindi. Aliivuka Afrika nzima kwa muda wa miaka kama ishirini na mitano, akipita njia zile zile za misafara zilizoijenga Ujiji.

Anayeingia mwilini ni jike. Hujichimbia chini ya ngozi, na kwa muda wa wiki moja hivi huvimba kufikia ukubwa wa punje ya njegere, akiacha nje ncha ndogo tu ya kupumulia na kutagia mayai. Mayai huanguka mavumbini, na sakafu ya udongo ndiyo huyalea. Kwa hiyo mtoto alalaye chini, katika nyumba isiyo na saruji, hujazwa upya kila anapotolewa. Nami nilikuwa nikimrudisha huko huko, eti akawe safi.

Jioni ile nilivaa barakoa nikaenda hadi kwao. Bibi yake alinipokea uani, tukakaa mbali mbali chini ya mchikichi. "Karibu, Mwalimu," alisema. Nikamweleza kilichonileta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bila hasira, "Huyu nimemficha, Mwalimu. Baba yake ulimrudisha nyumbani kwa funza hawa hawa. Hakurudi tena shuleni."

Sikumkumbuka mwanawe. Lakini najua niliandika nini, kwa maana neno lilikuwa moja tu kwa wote wa namna hiyo. Katika daftari la mahudhurio niliandika: mtoro.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo nimeifundisha mara nyingi, na kila mara lawama niliiweka kwa mfichaji. Sikupata kuuliza ni nani aliyemfundisha kuficha.

Kesho yake nilinunua daftari jipya. Mwezi Aprili mwaka ule Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri kampeni za kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye maradhi yaliyosahaulika zisimame kwa muda, ili watafutaji wasisambaze korona. Ushauri ule ulikuwa wa busara, sikuupinga. Mimi nilipita uani kwa majirani tu, nikisimama mbali, nikiuliza mambo matatu: nani anaumwa miguu, analala wapi, na sakafu ni ya nini. Ukurasa wa kwanza ulijaa upesi. Wengi walikuwa watoto na vikongwe, wale wasioweza kujitoa funza wenyewe. Niliona pini moja ikizunguka nyumba nzima, na nikaeleza kuwa pini hiyo yaweza kuleta pepopunda na homa ya ini. Mhudumu wa afya wa kitongoji akalichukua daftari, akaanza kuwaita waje kuoshwa na kutibiwa. Siku hizi yapo mafuta ya dimethikoni, ambayo humziba funza pumzi akafa humo humo bila kuchokolewa. Lakini kwetu sisi sabuni, pini iliyochemshwa, na mkono usiomcheka mtu vilifaa sana.

Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Langoni palikuwa na ndoo zenye bomba na sabuni kwa ajili ya mikono. Nilimwomba mwalimu mkuu, kijana niliyepata kumfundisha, kwamba maji yale yashuke mpaka miguuni, na atakayeonekana na funza atibiwe pembeni, kisha aingie darasani siku hiyo hiyo. Alikubali.

Baba wa yule msichana huvua dagaa ziwani. Alipokuja nyumbani kwake nilimfuata, nikamwambia nilimkosea. Alicheka kidogo, akatazama chini, akasema, "Ni zamani, Mwalimu." Kisha akaniuliza mfuko wa saruji unauzwaje siku hizi. Tukahesabu pamoja, kwa kijiti mavumbini, mifuko mingapi ingetosha chumba wanamolala watoto.