Pampu Kwanza, Ndege Baadaye

Rubani mgeni anayefika Winter Haven, Florida, hukabidhiwa pampu kabla ya kukabidhiwa ndege. Vielea vya Piper Cub, ndege ndogo ya majini, vimegawanywa vyumba, na kabla ya kuruka kila chumba hufyonzwa maji yaliyopenya. Nilifika na leseni yangu ya nchi kavu mfukoni, kazi ya kwanza ikawa kukumba maji chomboni.

Mji huu umejaa maziwa, na Jack Brown's Seaplane Base imekuwa ikifundisha marubani hapa tangu 1963. Kwa sheria za Marekani, mwenye leseni anayetaka kurusha ndege za majini haandiki mtihani mwingine wala hawekewi idadi ya saa. Anafundishwa, mwalimu anamwidhinisha, kisha mtahini anamhoji na kuruka naye.

Inasikika rahisi. Shida ni breki, kwa sababu hazipo. Injini ikiwaka tu, ndege inaondoka, na upepo unaigeuza ielekee unakotoka. Miguu ya rubani aliyezoea Cessna ya magurudumu hutafuta breki hewani mpaka ichoke.

Kuruka kuna utamu wake. Usukani wa maji unapandishwa, fimbo inavutwa hadi tumboni, pua inainuka na kuziba kila kitu mbele. Baada ya muda vielea vinapanda juu ya maji, fimbo inalegezwa, na ndege inateleza kwa kasi hadi inajibandua.

Nilidhani mawimbi ndiyo adui. Kumbe ziwa lililolala kama kioo ndilo baya zaidi: jicho halioni uso wa maji uko wapi, na rubani anaweza kudhani yuko juu sana ilhali anakaribia kuugonga.

“Usiyaangalie maji,” mwalimu alisema. “Angalia ukingo wa ziwa.”

Dawa yake ni kushuka polepole, kama futi 150 kwa dakika, injini ikivuta kidogo, na kungoja vielea viguse vyenyewe. Kungoja huko kunachosha roho. Nikawawazia marubani wa shirika la Imperial Airways waliokuwa wakitua Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam kuanzia 1937 na mashua zao kubwa za angani, zenye injini nne na abiria nyuma.

Siku ya mtihani kulivuma upepo wa wastani. Mtahini aliniamuru nizime injini, niifikishe ndege ufukweni kinyumenyume kwa upepo tu, nikitumia mabawa na mkia kama tanga. Vielea vilipogusa mchanga kwa nyuma, akatoa kalamu.