Radhi

9 Aprili, usiku

Mdogo wangu kashikilia palepale: ataenda kutoa ushahidi. Baba kimya tangu magharibi, kala matonge mawili kaacha. Mama ndiye aliyelitamka, radhi, kisha akainuka kwenda kutazama maharage ambayo yalikwisha iva zamani.

10 Aprili

Usingizi haupo, namsoma Plato. Huyu Euthyphro, jamani! Anamshitaki baba yake mzazi. Kule Naxos kibarua wao alilewa akamuua mtumwa wa nyumbani; mzee akamfunga mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athens kuuliza afanywe nini. Jibu halijarudi, kibarua kafa kwa njaa na baridi. Hata jina lake hatuambiwi. Socrates anamuuliza: jambo takatifu, miungu hulipenda kwa kuwa ni takatifu, au limekuwa takatifu kwa kuwa wanalipenda? Jamaa anazunguka weee, mwisho ana haraka, anakwenda zake.

Darasani tulimcheka. Leo siwezi. Mwanzoni kabisa alisema kwamba aliyekufa awe ndugu au mgeni ni mamoja, la kuuliza ni kama aliyeua alikuwa na haki. Sababu zake nyingine zote zilimponyoka. Hili hakuna aliyeligusa, hata Socrates.

11 Aprili, alasiri

Mvua tena.

Maalimu kapita kumjulia hali Baba. Nikamvizia barazani. An-Nisaa, aya ya 135, akasema hata hakufikiri: simamieni haki japo juu ya wazazi. (Kwa maneno yake, si ya aya.) Nikamuuliza, na kama isingeteremshwa? Akacheka. "Mwanangu, hayo waligombana Wamuutazila na Waashari, Basra na Baghdad, zaidi ya miaka elfu nyuma. Wale wakasema akili yenyewe huuona uovu. Hawa wakasema uovu ni kile alichokikataza Mola. Sisi huku tuko na Waashari. Kahawa ipo?"

Ipo.

Lakini mimi nilijua kabla ya aya. Nilijua siku ileile, napeta mchele, mkwezi aliposema, "Mzee, mti umelowa, tungoje," na Baba akamjibu asiyepanda asahau na ujira wa jana. Sikungoja hoja. Na Mama? Naye hakungoja. Kwake kumsemea baba mahakamani ni uovu, basi, na ukimtazama usoni hana shaka hata chembe. Mimi na yeye tuna uhakika sawasawa. Kwa hiyo uhakika peke yake si kitu. Mama hajapata kumuuliza mkwezi.

Usiku

Nimempelekea mkwezi uji. Kalala chali, mguu umefungwa vibao. Kauliza kama nazi za upande wa kisimani zimeanguliwa. Nikasema bado. Akasema zisiachwe, zitaangukia watoto.

Basi la Tanga saa kumi na mbili. Nimemwambia mdogo wangu anigongee.