Mbega Walipokosa Njia ya Juu

Nilihamia mtaa wa Kihoto mwishoni mwa miaka ya 1990, kama wengi waliokuja Naivasha kutafuta kazi ya maua. Basi la kampuni lilituchukua kukiwa bado giza, likashika barabara ya Moi South Lake. Tuliposhuka langoni, mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona. Dume lilinguruma juu ya migunga, la kundi jirani likajibu, na sauti zikapokezana kando ya Ziwa Naivasha mpaka kukapambazuka. Hivyo ndivyo kila kundi linavyotangaza eneo lake bila kupigana.

Mimi niliwajua tumbili tu, wale waliotufunulia sufuria mtaani. Siku ya kwanza niliokota jiwe. Soja wa lango akanizuia: "Wacha, mama. Hao hawana haja na chakula chako. Mwizi ni tumbili."

Alisema kweli. Mbega hula majani, na kwetu hasa ya mgunga, pamoja na maua na maganda yake. Tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo bakteria huyachachusha majani, ndiyo sababu hushinda ameketi, kitambi mbele, akingoja kusaga. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nikimtazama jike mmoja akivuta tawi. Mkono wake hauna kidole gumba, ila kijinundu tu. Vidole vinne hujikunja vikawa kulabu. Manyoya meupe yalimwangukia ubavuni kama leso iliyolegea. Kifuani alipakata mtoto mweupe pe, ambaye angepata rangi za wakubwa baada ya miezi michache. Jike mwingine alikuja akamchukua, naye mama akaendelea kula.

Wazee wa kazini walikumbuka ngozi za mbega zikivaliwa katika ngoma na sherehe, na wanyama wenyewe wakiwindwa kwa ajili hiyo. Kando ya ziwa hilohilo, katika nyumba ya Elsamere, mwandishi Joy Adamson aliwachunguza mbega wa bustanini kwake. Kitabu chake juu yao kilitoka 1981, mwaka mmoja baada ya kuuawa. Kufikia wakati wetu mtego haukuwa tishio kubwa tena. Mbega walizoea watu, mabasi, na hata kelele za pampu.

Kilichowabana ni nafasi. Mabanda ya plastiki yaliongezeka na migunga ikabaki ukanda mwembamba kati ya uzio na maji. Wakati wa ukame wa 2009 ziwa lilirudi nyuma sana, na watu wakalifuata kwa majembe na kwa matofali. Mwaka 2020 likarudi kuchukua pake. Kihoto iliingia maji. Majirani walitoa magodoro kwa mashua, na usiku viboko walipita palipokuwa vichochoro vyetu.

Migunga nayo ilizama ikiwa imesimama. Mti huu hupenda ardhi yenye unyevu, lakini mizizi ikikaa ndani ya maji mwezi baada ya mwezi hukosa hewa. Majani yalipukutika, magome ya manjano yakabanduka, na matawi yaliyokuwa yakigusana yakaanza kuvunjika. Kwa mbega huo ulikuwa mwisho wa chakula na wa barabara kwa pamoja. Nilianza kuwaona chini, jambo lililokuwa nadra: wakikimbia juu ya uzio, wakisimama ukingoni mwa lami, mtoto ameng'ang'ania tumbo la mamaye huku lori likipita. Ardhini mbega ni mzito, na mbwa wanalijua hilo.

Watu wa Diani, kwenye pwani yetu, walikuwa na shida kama hiyo, wakafunga madaraja juu ya barabara ili mbega wavuke. Kwetu daraja lingesaidia hapa na pale, lakini halitoi majani.

Mwaka 2025 maji yaliingia tena Kihoto, na ushauri tuliopewa ukawa uleule: hamieni juu. Mbega hana huko juu pa kuhamia, kwa kuwa mahali pa juu pana waya na plastiki. Mgunga hukua haraka. Kampuni zikiacha nafasi ya mstari mmoja wa miti nyuma ya uzio, mbali na maji na bila kukatika kutoka shamba hadi shamba, ziwa linaweza kupanda na kushuka litakavyo, nao mbega wakahama kwa njia yao.